Kubanika Samaki na Nyama Nyumbani: Moshi Mwema na Moshi Mbaya

Mtu apitaye Kikula, hapa Likasi, jua linapokuchwa, hana haja ya kuuliza kama watu wako nyumbani. Pua yake humjulisha. Huku mbabula inawashwa kwa bukari ya jioni. Kule nyama ya mbuzi inachomwa kwa ajili ya wapenda michopo. Na nyuma ya nyumba nyingine, penye ua wa matete, moshi mzito unapanda polepole: hapo samaki wanabanikwa. Harufu hiyo tumeizoea tangu utoto, hata hatuifikiri tena. Leo twataka kuifikiri pamoja nanyi, wasomaji wapenzi, na sababu yake ni mtoto mmoja wa shule.

Mwaka jana katika darasa letu la tano alikuwamo msichana mwenye akili njema, lakini siku za Jumanne na Ijumaa hakuonekana. Akirudi alikuwa na macho mekundu, na nguo zake zilinuka moshi. Tulimdhania kuwa mvivu. Tuliandika barua kwa wazazi, wala hatukupata jibu. Basi tukamwadhibu kwa kazi ya kufagia darasa. Katika mavumbi yale alikohoa hata akakaa chini, asiweze kusema. Hapo tuliona haya, na jioni ile tulikwenda kupiga hodi kwao.

Tulimkuta nkambo wake, mama mzee aliyewalea wajukuu wanne tangu mwanawe alipofariki. Jiko lake lilikuwa chumba kidogo cha matofali ya udongo, kisicho na dirisha. Ndani yake moto ulikuwa sakafuni, na juu ya moto uchanja wa miti uliojaa kambale na samaki wengine wa ziwa Tshangalele. Kuta zilikuwa nyeusi kama ndani ya chungu. Mtoto alikaa mlangoni na kipepeo cha kupulizia moto, maana siku za Jumanne na Ijumaa ndizo siku ambazo wachuuzi walimletea nkambo samaki kwa pikipiki.

Tukamwuliza kwa heshima: “Nkambo, kwa nini msibanike nje, penye hewa?”

Akajibu: “Nje kuna mvua, mwalimu, kuna mbwa, na kuna watu wenye mikono mirefu. Tena sikiliza. Moshi huu ndio uliomsomesha baba yake mtoto huyu. Nikiuzima leo, kesho kaka yake atalipiwa karo na nani? Na wewe?”

Hatukuwa na jibu. Tulikwenda zetu, tukaanza kuuliza na kusoma. Hayo tuliyoyapata, na hayo tuliyoyakosea, ndiyo tunayoyaandika hapa.

KAZI YA ZAMANI SANA

Wako watu wadhaniao kwamba kubanika ni kazi ya wakati huu wa shida tu, kwa kuwa umeme hukatika na barafu ni ghali. Sivyo. Kaskazini yetu, pale mto Lualaba upitapo katika bonde la Upemba, kuna maziwa na vinamasi vingi, na mojawapo ni ziwa Kisale. Kando yake, mahali paitwapo Sanga, wataalamu wawili, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux, walichimba makaburi ya kale katika miaka ya 1957 na 1958. Waliona vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi, vyombo vya chuma, na mapambo ya shaba. Mengi ya makaburi hayo yana umri wa miaka elfu hivi.

Sasa, msomaji, fikiri kidogo. Bonde lile halina machimbo ya shaba. Shaba ilitoka kusini, katika nchi hii yetu ya machimbo. Je, watu wa maziwa waliinunua kwa kitu gani? Wataalamu wa historia hudhani kwamba samaki wakavu walikuwa bidhaa yao kubwa. Samaki mbichi hawezi safari ya siku nyingi juani, lakini samaki aliyebanikwa vema aweza kuchukuliwa kichwani majuma kadha wala asiharibike. Basi samaki wa moshi na shaba walijuana zamani sana, kabla hayajatokea makampuni wala reli.

Baadaye yakaja makampuni. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na watu wengi walikusanyika kazini. Watu hao walipaswa kula kila siku. Reli ilifika Bukama, katika ukingo wa Lualaba, mwaka 1918, na njia hiyo hiyo hupita katika mji wetu, ambao wakati wa ukoloni uliitwa Jadotville. Mwaka 1930 bwawa la Mwadingusha lilipokamilika katika mto Lufira, maji yalitanda, likapatikana ziwa Tshangalele. Hivyo wavuvi wakapata mahali papya, na wanawake wa Likasi wakapata samaki wa karibu zaidi.

Hata neno lenyewe lina safari. Wauzaji wetu wakisema Kifaransa huita bidhaa hii “boucané”. Neno hili lilitoka Amerika ya Kusini. Wenyeji wa Brazil walikuwa na uchanja wa miti wa kubanikia nyama, na Wafaransa waliuita “boucan” kwa kuiga neno la wenyeji wenyewe. Katika karne ya 17 wawindaji wa kisiwa cha Hispaniola walibanika nyama hivyo, wakapewa jina la uchanja wao. Wengi wao baadaye wakawa maharamia wa baharini. Ndivyo neno lilivyofika Ulaya, na kutoka Ulaya likafika sokoni kwetu. Lakini kazi yenyewe hatukuletewa na mtu, tulikuwa nayo.

MOSHI HUFANYA KAZI GANI?

Samaki au mnyama akifa, vijidudu visivyoonekana kwa macho huanza kazi yao. Vyapenda mambo mawili: maji na vuguvugu. Katika nyama ya samaki mbichi, gramu 70 hadi 80 katika kila gramu 100 ni maji. Mahali penye joto kama mchana wetu wa Oktoba, saa chache zatosha kumharibu.

Kubanika humlinda kwa njia tatu. Kwanza, chumvi: hufyonza maji na kuvidhoofisha vijidudu. Pili, joto: likiwa la kutosha huviua, tena hukausha nyama. Tatu, moshi wenyewe: huacha juu ya ngozi vitu vitokavyo katika kuni, ambavyo huzuia vijidudu kuota na mafuta kuchacha, na ndivyo viletavyo ladha na rangi.

Lakini hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya. Kati ya walinzi hao watatu moshi ndio dhaifu. Hauingii ndani sana. Samaki aweza kung’aa nje kama dhahabu, na kumbe karibu na mfupa ameanza kuoza. Atakaye samaki wa kuliwa kesho, ampike kwa joto la moshi mpaka nyama iachane na mfupa. Atakaye samaki wa kukaa majuma, hana budi kumkausha mpaka awe mwepesi na mgumu, maji yake yasizidi robo ya uzito.

MOSHI HUO HUO HUDHURU

Mwaka 1775 daktari Mwingereza Percival Pott aliandika habari ya watu wa London waliofagia dohani tangu utotoni. Aliona kwamba wengi walipata kansa ya ngozi katika sehemu za siri, akasema chanzo chake ni masizi. Mwaka 1915 Wajapani wawili, Yamagiwa na Ichikawa, walipaka lami ya makaa ya mawe katika masikio ya sungura mara nyingi, na kansa ikaota. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa London walitenga mojawapo ya sumu zilizomo, nayo huitwa benzopireni. Sumu hii haimo katika lami tu. Hutokea kila kuni, mafuta au nyama inapoungua bila hewa ya kutosha. Masizi meusi juu ya samaki huwa nayo.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa, lililoko Lyon, Ufaransa, limeiweka benzopireni katika kundi la kwanza, yaani la vitu vinavyojulikana hakika kuwa huleta kansa kwa binadamu. Mwezi wa Oktoba 2015 shirika hilo lilitangaza kwamba nyama zilizosindikwa, zikiwamo za chumvi na za moshi, zikiliwa sana huongeza hatari ya kansa ya utumbo mkubwa. Umoja wa Ulaya umeweka sheria: tangu Septemba 2014, samaki na nyama za moshi kwa kawaida zisizidi maikrogramu 2 za benzopireni katika kilo moja.

Hatusemi haya ili kumtia mtu hofu akitia samaki katika sombe. Kipimo na desturi ndivyo vyenye maana: mara ngapi, kiasi gani, na ameungua namna gani. Ngozi nyeusi yenye masizi iondolewe, nayo isitiwe mchuzini.

Lakini yuko mtu aliye katika hatari kuliko mlaji, naye ni yule akaaye penye moto. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya ndani ya nyumba, itokayo katika kuni, makaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati ya hao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Tulipoisoma hesabu hiyo tuliukumbuka mlango wa jiko la nkambo, na kipepeo mkononi mwa mtoto.

WENZETU WALIFANYAJE?

Pwani ya Ghana, karibu na Accra, kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Chorkor. Wanawake wa huko walibanika samaki katika matanuri ya udongo ya mviringo na katika mapipa, wakiinama motoni mchana kutwa. Karibu na mwaka 1970, wakisaidiwa na wataalamu wa chakula wa nchi yao na wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, walipata tanuri jingine. Ni sanduku la matofali lenye milango ya moto upande wa mbele, na juu yake huwekwa chanja nyingi za fremu za mbao na waya, moja juu ya nyingine. Chanja hizo zenyewe hufanya kama dohani: joto na moshi hupanda ndani yake, wala havitawanyiki usoni mwa mtu. Kuni hupungua, samaki huwa wengi kwa mara moja, na mwanamke huzihamisha chanja za chini kwenda juu na za juu kwenda chini bila kugusa samaki. Tanuri la Chorkor limeenea katika nchi nyingi za Afrika.

Tena, kuanzia mwaka 2008, mahali paitwapo Thiaroye, Senegal, tanuri hilo liliongezewa vitu. Sinia huwekwa kati ya moto na samaki ili mafuta yasidondoke motoni, na moshi hutengenezwa mahali pa peke yake. Jambo hili la mafuta ni kubwa: kila tone la mafuta liangukalo juu ya kaa hupanda tena kama moshi mweusi wenye sumu, na kushika katika samaki yule yule.

PIPA LA BURE

Tulirudi kwa nkambo na mchoro wa tanuri katika daftari. Aliutazama, akacheka kidogo. Matofali yatatoka wapi? Waya nao? Siku ile ile jirani mmoja, mtu mwema, akasikia habari, akaleta pipa la chuma la bure kabisa. “Likatwe tu,” alisema, “na kazi imekwisha.”

Tuliuliza pipa lilikuwa limebeba nini. Hakuna aliyejua. Maandishi yalikuwa yamefutika, na ndani palinuka kitu kikali. Wasomaji wetu wa Likasi, Kambove na Kolwezi wanajua: katika miji ya machimbo mapipa hubeba mafuta ya mashine, asidi, na dawa za kusafishia madini. Kulichoma pipa kwa moto hakuondoi kila kitu, na vingine hugeuka kuwa mvuke na kuingia katika chakula. Ilitupasa kusema kwamba pipa lisitumike. Nkambo alituangalia kwa macho ya mtu aliyekwisha kuambiwa maneno mengi na wasomi, na kuletewa vitu vichache. Maneno yetu yalimnyima kitu cha bure. Basi ikawa deni letu kumpatia kingine.

Jumamosi mbili wanafunzi wa darasa na wazazi kadhaa walifyatua matofali kwa udongo wa kichuguu, maana udongo wa mchwa hushikana vizuri, na vichuguu vya Katanga hamna asiyevijua. Seremala mmoja alitupa mabaki ya mbao safi kwa fremu. Waya tulinunua. Tulijenga sanduku la mita moja na robo kwa mita moja, lenye kimo cha sentimita 60, na milango miwili ya moto. Tulilijenga nje, chini ya paa la bati lisilo na kuta, mahali ambapo upepo hauelekezi moshi nyumbani. Chanja sita zilikaa juu yake, na juu ya zote karatasi ya bati ya kufunikia, safi, isiyopakwa rangi.

Twakiri sasa kosa letu. Mara ya kwanza sisi wenyewe tulisimamia moto, tukadhani kwamba moto mkubwa utamaliza kazi upesi. Samaki wa chini waliungua, wa juu wakabaki wabichi, na kapu zima likaharibika. Lilikuwa kapu la nkambo, wala si letu. Tulilipa kwa mshahara wetu, kidogo kidogo. Tangu siku ile tulikaa kimya, tukamwacha yeye aamuru moto, nasi tukajifunza.

NAMNA YA KUBANIKA

Hivi ndivyo alivyotufundisha yeye, pamoja na yale tuliyoyasoma.

Samaki awe mpya: macho maangavu, mashavu mekundu ndani, nyama irudiayo ukiibonyeza kwa kidole. Moshi haumfufui samaki aliyekwisha kuoza. Mtoe matumbo na mashavu, mwoshe kwa maji safi. Samaki mnene mpasue mgongoni ili awe bapa. Kambale mdogo aweza kupindwa, mkia mdomoni.

Mtie katika maji ya chumvi, gramu 100 kwa lita moja, muda wa nusu saa au zaidi kwa kadiri ya ukubwa wake. Kisha mwache achuruzike katika hewa mpaka ngozi isilowane tena. Hatua hii wengi huiruka, na kumbe ngozi yenye maji hushika masizi mengi kuliko ngozi kavu.

Washa moto mapema, ungoje miali ishuke. Samaki waingie makaa yakiwa mekundu. Mwanzo moto uwe mdogo, ili kukausha. Halafu uongezwe, ili nyama iive mpaka ndani. Mwisho upunguzwe, kwa moshi na kukausha. Nkambo hakuwa na kipimo cha joto. Aliweka kiganja juu ya uchanja: akiweza kuhesabu polepole mpaka kumi, moto ni wa kukausha, akiondoa mkono kabla ya tano, moto ni wa kuivisha. Geuza chanja kila baada ya muda.

Samaki wakiisha, wapoe kabisa kabla ya kufungwa. Wakifungwa wangali na joto, hutoka jasho, na ukungu hufuata. Wawekwe katika kapu lipitishalo hewa, juu ya ardhi, mbali na panya. Kuna mdudu mdogo mgumu alaye samaki wakavu. Akionekana, rudisha samaki katika joto. Msinyunyizie kamwe dawa ya kuulia wadudu! Wako wauzaji wafanyao hivyo ili wasipate hasara, na hasara huihamishia katika mwili wa mlaji.

Kuni ziwe kavu, za mti mgumu usio na utomvu. Matawi ya mwembe au mpera yaliyokatwa wakati wa kupogoa ni mema. Msonobari una utomvu mwingi, nao hutoa moshi mweusi. Mbao zilizopakwa rangi, mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, na mataruma ya reli yaliyolowekwa lami, yote hayo ni sumu, hata yakiwa ya bure. Plastiki isitumiwe hata kuwashia.

Tuongeze jambo moja kwa sisi wakaao karibu na machimbo. Moshi hauondoi madini. Maji ya viwanda vya eneo letu yamekuwa yakishuka mitoni mpaka ziwa Tshangalele, na wataalamu waliopima viumbe wa ziwa hilo waliona madini mazito ndani yao. Kwa hiyo ni busara kubadilisha asili ya samaki tulao, na kutupa matumbo, ini na figo, ambamo madini hukusanyika zaidi kuliko katika minofu.

NYAMA NA MICHOPO

Nyama hubanikwa kwa kanuni hizo hizo, lakini ikatwe vipande vyembamba. Nyama ya nguruwe yataka uangalifu wa pekee. Yaweza kuwa na viluwiluwi vya tegu, vidonge vyeupe kama punje za mchele. Mtu mwenye tegu akichafua maji au mboga kwa kinyesi chake, mayai ya tegu huweza kumwingia mtu mwingine, yakaota hata ubongoni, na kuleta kifafa. Moshi wa vuguvugu hauvimalizi viluwiluwi hivyo. Joto la kuivisha ndilo limalizalo. Basi nguruwe apikwe mpaka pasiwe na wekundu ndani, kisha ndipo apewe moshi wa ladha.

Kwa michopo ya sikukuu, au kwa nyama choma kama waitavyo ndugu zetu wa Kenya, ondoa mafuta yaliyozidi, ngoja makaa yafunikwe na majivu meupe, na nyama isiguswe na miali. Palipoungua pakatwe.

Tena tuangalie twanunua nyama ya nani. Nyama ya porini ikishabanikwa, haijulikani tena ni ya mnyama gani, wala kama aliwindwa au aliokotwa amekufa. Hifadhi ya Upemba, iliyowekwa mwaka 1939, na ya Kundelungu, ya mwaka 1970, zimepoteza wanyama wengi kwa majangili. Kila kipande kinunuliwacho bila kuuliza ni mshahara wa majangili hao.

MISITU, NA USIKU WA BARIDI

Mambo mawili yamebaki. La kwanza ni misitu. Katika tanuri la udongo la wachoma makaa, kilo moja ya makala hugharimu kilo 5 hata 10 za kuni kavu. Ndiyo sababu miombo iliyozunguka miji yetu imekwenda mbali, na gunia la makala linapanda bei. Tanuri linalookoa nusu ya kuni laokoa fedha ya nyumba leo na mti wa mjukuu kesho.

La pili ni la hatari kubwa. Mwezi wa Juni na Julai usiku wetu huwa na baridi kali, na watu huingiza mbabula chumbani, hufunga mlango, hulala. Makaa mekundu yasiyotoa moshi hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Hiyo hushika damu mahali pa hewa njema, na mtu hupitiwa katika usingizi wake. Mbabula ibaki nje, nyumba nzima, usiku wote! Mtu akiumwa kichwa na kuzunguliwa penye makaa, atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali.

TULIVYOMALIZA

Mtoto yule tulimpeleka zahanati. Kikohozi kizidicho majuma mawili chapasa kupimwa kifua kikuu, wala kisisingiziwe moshi tu. Hakuwa nacho. Daktari alisema mapafu yake yataka hewa safi na miezi mingi. Bado hukohoa wakati wa vumbi la Agosti, lakini Jumanne na Ijumaa yumo darasani; chanja za nkambo hazihitaji tena mtu wa kupepea moto mchana kutwa. Kaka yake anaendelea na masomo. Tanuri lilipasuka pembe moja wakati wa mvua, likazibwa kwa udongo. Mama wawili wa jirani walikuja kulipima kwa kamba, wakaenda kujenga yao.

Kabla ya Pasaka msichana alituletea kifurushi cha majani ya mgomba. Ndani mlikuwa na kambale mmoja mnene, wa rangi ya asali, asiye na masizi hata kidogo. Alisema: “Nkambo amesema huyu si wa bei, mwalimu. Amesema deni la kapu lile limekwisha.”

Tulimla pamoja na bukari, watu sita. Nanyi wasomaji wetu, mkipita jioni na kusikia harufu ile njema, ulizeni kwanza ni nani akaaye penye moto, na kama mlango uko wazi.